Somo: Begi la mkononi, Dar hadi London kupitia Ghuba

Begi la mkononi hupita mikono mingi: kaunta, eksirei ya Dar, eksirei ya uwanja wa kuunganisha, na mwisho mlango wa ndege. Wasafiri wengi hujiandaa kwa eksirei wakausahau mlango. Nafasi ya juu ya viti ikijaa, begi lako huchukuliwa pale pale na kushushwa tumboni mwa ndege, na hapo ndipo dawa, pasipoti na betri hupotelea mahali pasipofaa. Kwa hiyo lipakie begi kana kwamba litachukuliwa.

Hatua ya 1: Vipimo na uzito

Kikomo cha begi la mkononi, daraja la kawaida la shirika la ndege la Emirates (linalopitia Dubai), ni kilo 7, sm 55 x 38 x 22. Qatar Airways (linalopitia Doha) ni kilo 7 vilevile, lakini sm 50 x 37 x 25. Begi linalopita bila shida kwa Emirates linaweza kuwa refu kwa sm 5 kwa Qatar. Na mabegi mengi yanayouzwa kama "ya kuingia nayo ndani" ni sm 55 x 40 x 20, yaani upana umeshazidi kabla hujatia hata soksi. Chukua futi ya fundi cherehani, pima kuanzia chini ya magurudumu hadi juu ya mkono wa begi. Neno la muuzaji usilitegemee.

Begi gumu la magurudumu likiwa tupu linaweza kula kilo 2.5 hadi 3. Limebaki nini? Begi la mgongoni la kitambaa hukuachia nafasi zaidi. Panda mizani ya nyumbani ukiwa umelibeba, kisha bila begi, utoe tofauti. Lenga kilo 6.5, maana mizani hazilingani.

Hatua ya 2: Vimiminika

Kinachoangaliwa ni ukubwa wa chupa. Losheni ya ml 200 iliyobaki robo bado ni chupa ya ml 200, na itaachwa kwenye pipa. Kila chupa isizidi ml 100, na zote ziingie katika mfuko mmoja angavu wa kufungika wa lita 1, takriban sm 20 x 20. Sharti hili lilianza 2006, baada ya kuzimwa njama ya kulipua ndege zilizotoka London kwa vilipuzi vya majimaji.

Kinachotuponza sisi ni vyakula. Chochote kinachotiririka, kinachopakazika au kuchoteka kwa kijiko huhesabiwa kimiminika: asali, samli, achari, siagi ya karanga, dawa ya meno, na mafuta ya nazi hata yakiwa yameganda kwa baridi. Halua laini nayo iweke kwenye begi kubwa, usimpe mkaguzi nafasi ya kuamua.

Marufuku ya mifuko ya plastiki Tanzania, iliyoanza 1 Juni 2019, haikuzuia mfuko wa zipu wa vipodozi vya msafiri, mradi uendelee kukaa naye.

Hatua ya 3: Betri

Pawabenki (betri ya kubeba ya kuchajia simu) na betri za akiba haziruhusiwi kabisa kwenye begi la tumboni. Sababu ni hii: betri ya lithiamu ikipata hitilafu ndani hujichemsha yenyewe, seli moja ikiwasha nyingine. Gesi ya kuzimia moto iliyoko tumboni hupunguza miali lakini haizuii mchemko huo. Ndani ya chumba cha abiria wahudumu huona moshi mapema na huipoza betri kwa maji.

Piga hesabu: mAh (ukubwa ulioandikwa kwenye pawabenki) mara 3.7, gawanya kwa 1000, unapata wati-saa. Ya 20,000 mAh ni wati-saa 74. Mpaka ni wati-saa 100 bila kuomba kibali. Kati ya 100 na 160 uombe shirika la ndege kabla ya safari. Juu ya hapo, iache nyumbani. Maandishi ya ukubwa yakifutika, pawabenki inaweza kukataliwa hata ikiwa ndogo.

Tangu 1 Oktoba 2025 Emirates huruhusu pawabenki moja tu kwa abiria, chini ya wati-saa 100, isitumike safarini na isiwekwe kwenye kabati la juu. Iweke mfukoni mwa kiti au kwenye begi lililo chini ya kiti cha mbele. Matundu yake yazibe kwa utepe, yasiguse funguo wala sarafu.

Hatua ya 4: Pochi ya mlangoni

Hii ndiyo hatua ya kuokoa safari. Tafuta pochi nyembamba ya zipu, ikae juu kabisa ndani ya begi: pasipoti, dawa, miwani, fedha, dhahabu, pawabenki. Mhudumu akisema begi linashuka, unachomoa pochi kwa sekunde tano badala ya kufungua nguo mbele ya foleni.

Hatua ya 5: Makali na moto

Mbuzi ya kukunia nazi, kisu cha jikoni na mkasi wa makali ya zaidi ya sm 6 viende tumboni. Makaa ya kufukizia udi, hasa vile vidonge vinavyojiwasha, visiende popote, juu wala chini. Udi wenyewe hauna tatizo.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nina pawabenki ya 30,000 mAh. Naenda Dubai kwa Emirates.*

Hiyo ni wati-saa 111. Hawaipokei. Chukua ya 20,000.

*Mama yangu anatumia insulini. Ikae wapi?*

Mkononi, ndugu yangu, usiipeleke tumboni hata kidogo: ikiganda imeharibika. Beba barua ya daktari na kasha lenye jina lake kama lilivyo kwenye pasipoti. Dawa za majimaji zinazohitajika safarini huruhusiwa kuzidi ml 100, ila zitoe uzionyeshe kabla ya trei kuingia kwenye mashine. Maziwa ya mtoto ni hivyo hivyo.

*Nikinunua manukato Dubai, nikifika Dar naunganisha kwenda Zanzibar?*

Ukinunua duka la uwanja wa ndege, yatafungwa kwenye mfuko maalumu, risiti ikionekana. Usiufungue njiani. Ukishatoka na mizigo Dar, yahamishie kwenye begi kubwa kabla ya kulikabidhi tena. Na kama ni ndege ndogo aina ya Caravan, uliza mapema: kikomo cha kawaida ni kilo 15 kwa mizigo yote pamoja na ya mkononi, kwenye mabegi laini.

*Dada yangu yuko Uskoti, anasema kwao wanapita na chupa za vimiminika za hadi lita 2. Vipi?*

Ni kweli kwa Edinburgh, wana skana mpya. Lakini akiunganisha Doha au Dubai atakaguliwa upya kwa sharti la hapo, na chupa yake ya lita moja inaweza kuishia huko. Apakie kwa sharti kali kuliko yote ya njiani.