Kufunga trakiboli kuukuu kwenye meza ya gemu: anza na chuma, waya baadaye

Mimi ni fundi wa vyerehani. Sishoni nguo, natengeneza mashine zenyewe, na kibanda changu kiko hatua chache tu kutoka Biashara Street. Kazi yangu kubwa hapa Mombasa ni kupambana na chumvi ya bahari ndani ya vyuma vya watu. Kwa hiyo mpwa wangu aliponiletea trakiboli mbili alizozinunua kwa kilo kwa mzee wa vyuma chakavu kule Changamwe, sikumuuliza habari za waya. Niliweka kidole juu ya tufe nikalisukuma. Halikuzunguka hata nusu. Hapo nikajua kazi iko wapi.

Trakiboli ni lile tufe unaloliviringisha kwa kiganja kwenye mashine kubwa za gemu. Missile Command ya 1980 na Centipede ya 1981, zote za Atari, zilitengenezwa kwa ajili yake. Ukizicheza kwa vitufe vya mishale unacheza kitu kingine. Tufe la kawaida la mashine hizo lina kipenyo cha inchi 3, yaani mm 76. Lipo na dogo la inchi 2 na robo, mm 57, nalo lina faida yake: ni saizi ile ile ya mpira wa meza ya puli ya Kimarekani. Tufe lako likiwa limepasuka, tafuta mpira mmoja uliobaki bila wenzake, lakini upime kwa venia, kile kipimo chenye taya, kabla ya kulipa, maana kuna meza zinazotumia mipira midogo zaidi. Wahandisi wa Kanada waliounda trakiboli ya jeshi la majini mwanzoni mwa miaka ya 1950 walitumia mpira wa boling, kwa hiyo usione haya.

Fungua skurubu za kifuniko, toa tufe, utazame ndani. Utaona shafti mbili zilizolala kama pembe ya ukuta, moja ya kwenda kushoto na kulia, nyingine ya juu na chini. Kila moja ina rola ambayo tufe huikalia, na upande wa tatu kuna beringi ya kulishikilia tu. Mwishoni mwa kila shafti kuna gurudumu dogo lenye matundu, linalopita katikati ya kijisahani cha umeme.

Rola ndiyo ya kushughulikia kwanza. Zile za mpwa wangu zilikuwa zimevaa pete nyeusi, mchanganyiko wa jasho la mikono, vumbi na kutu, ngumu kama lami. Kucha haikuiondoa. Usitumie kisu, utaikwaruza rola na mkwaruzo huo mkono utausikia kila siku. Lowesha kitambaa kwa spiriti, kizungushie rola, uiache dakika kumi, halafu kwangua taratibu kwa kijiti cha mbao kilichochongwa bapa. Mimi nilitumia mshikaki, ule mti wenyewe. Pete ilitoka vipande vipande, na chini yake chuma kilikuwa kinang'aa isipokuwa madoa mawili ya kutu. Hayo niliyapitishia msasa laini sana, namba 1000, nikiizungusha shafti, si kusugua mahali pamoja.

Pitisha ncha ya kidole kwenye rola. Ukisikia mfereji pale tufe lilipokuwa likigusa, hata wa unene wa karatasi, tufe litakuwa linajikwaa kila likibadili mwelekeo. Hapo msasa hausaidii. Baadhi ya rola unaweza kuzisogeza kidogo kwenye shafti ili tufe ligusie mahali papya. Isiposogea, nunua mpya au umpelekee fundi wa leth akuchongee kwa kipimo kile kile.

Beringi nyingi zimeshikwa na kipande cha plastiki tu, zinachomoka kwa mkono. Nilizitumbukiza kwenye mafuta ya taa ndani ya kikopo cha jemu usiku kucha, asubuhi nikazizungusha humo humo mpaka mafuta yakawa meusi, nikamwaga, nikarudia. Zikishakauka, kila moja tone la mafuta ya cherehani. Tone moja. Mafuta ya nazi, hapana: yakikaa yanaharibika na kunata, nimeyaona yakiua mashine za watu wengi walioambiwa ni ya asili hivyo ni mazuri. Wala usitie mafuta yoyote kwenye tufe au kwenye rola, kwa sababu tufe huzungusha rola kwa kusuguana. Likiteleza, gemu halioni kitu. Tufe lioshe kwa sabuni ya vyombo, basi. Beringi inayokwaruza hata baada ya kuoshwa itupe. Namba yake imechorwa ubavuni, itaje dukani upate nyingine.

Rudisha kila kitu mahali pake, usukume tena. Letu lilizunguka mpaka mpwa wangu akacheka. Kabla ya kufika hapo, usishike pasi ya kulehemu.

Ubao sasa. Fundi seremala wa Majengo alitukatia plaiwudi ya mm 18, na juu yake tukataka shiti la plastiki ngumu la mm 3. Tundu la shiti hilo ndilo lilitutesa. Tulitaka tufe lichomoze mm 22. Kwa tufe la mm 76, duara lake pale usawa wa juu wa shiti linakuwa karibu mm 69, nasi tukakata tundu la mm 71 tukijua tumeacha nafasi. Tufe likakwama. Tuliangalia juu tu, tukasahau kwamba shiti lina unene: mm 3 chini zaidi, tufe limeshanenepa na kufika zaidi ya mm 71. Tulipanua hadi mm 73, tukazungusha msasa ukingo wa chini. Bado ni dogo kuliko mm 76, kwa hiyo tufe halitoki. Ukitaka lichomoze zaidi au shiti lako ni nene, chora ubavu wa tufe kwenye karatasi kwa bikari, upime kwa rula, kisha ukate. Acha pia nafasi tupu ya shubiri moja kila upande wa tufe kabla ya kuweka vitufe, maana mtoto akilisukuma kwa nguvu mkono huenda mbali.

Turudi kwenye kijisahani cha umeme. Kila gurudumu lina taa mbili upande mmoja na macho mawili upande wa pili. Taa hizo ni za infraredi, hutaziona, lakini washa volti 5 uzitazame kwa kamera ya mbele ya simu: zinatokea kama nukta za zambarau. Isiyotokea imekufa. Kamera ya nyuma ya simu nyingi huuchuja mwanga huo, usije ukahukumu taa nzima.

Kwa nini macho mawili? Fikiria geti la feri pale Likoni, walinzi wawili wamesimama hatua moja kati yao. Wa nje akikuona kabla ya wa ndani, unaingia. Wa ndani akitangulia, unatoka. Tundu la gurudumu linalipita jicho moja kidogo kabla ya jingine, na anayetangulia ndiye anayetoa habari ya mwelekeo. Ndiyo maana waya ni sita: volti 5, ardhi, mbili za shafti hii, mbili za shafti ile. Usiamini rangi za waya, kila mtengenezaji ana zake. Fuata njia za shaba kwenye sahani, uhakikishe kwa mita ya umeme.

Unganisha volti 5 na ardhi tu, weka mita kwenye waya mmoja wa jicho, zungusha shafti polepole sana kwa kidole. Mita ipande karibu na 5 na ishuke karibu na sifuri. Sahani yetu moja ilifanya hivyo vizuri. Ya pili iliishia volti 2 na kidogo, kwa sababu ndani yake mlikuwa na macho matupu bila kikuza ishara. Nilitia chipu ya LM339, yenye vilinganishi vinne vya volti ndani, kimoja kwa kila jicho, na tatizo likaisha. Kabla ya kununua chipu, safisha macho kwa pamba na spiriti; chumvi huyafunika kama mtoto wa jicho.

Cha kusoma ishara hizo tulitumia Pro Micro, kijisahani cha jamii ya Arduino kinachofuata programu unayokiandikia. Sababu ni chipu yake ya ATmega32U4: inazungumza USB yenyewe, na kompyuta inaiona kama mausi ya kawaida. Waya nne za ishara ziende kwenye pini 0, 1, 2 na 3, kwani hizo zote zinaweza kukatiza programu pale pale ishara inapobadilika. Ukitumia pini zisizo na uwezo huo, tufe likienda kasi hesabu zitapotea.

Programu yenyewe ni fupi: kila jicho likibadilika, linganisha hali mpya ya macho mawili na ile ya kabla, ongeza moja au punguza moja, kisha tuma jumla kwa amri ya kusogeza mausi. Hapa pana shimo nililotumbukia mwenyewe. Usiku wa kwanza mpwa wangu alisukuma tufe kwa nguvu zote, akapiga kelele, "Mjomba, linarudi nyuma!" Kweli, ukienda taratibu sawa, ukienda kasi mshale unaruka kinyume. Nilifungua beringi tena, nikalaumu macho, nikapoteza siku mbili. Kosa lilikuwa kwenye programu. Amri ile haipokei zaidi ya 127 kwa mara moja; ikizidi, namba inageuka hasi. Nami nilikuwa nimeweka pumziko la milisekunde 50 kati ya kutuma na kutuma, hesabu zikarundikana. Punguza pumziko hadi 5, na jumla ikizidi 127 tuma 127, kinachobaki kiache kwa zamu ijayo.

Mshale ukienda kushoto unapotaka kulia, badilishana waya mbili za shafti hiyo. Ukipanda badala ya kwenda pembeni, umechanganya shafti. Badilishana jozi nzima. Kwenye MAME, programu ya kompyuta ya kuchezea gemu hizo za zamani, hakikisha faili la mipangilio, mame.ini, lina mouse 1, halafu ndani ya gemu bonyeza Tab utafute kipimo cha wepesi. Kila gemu lina chake: Centipede tuliipunguza, Marble Madness tuliiongeza.

Meza sasa iko sebuleni kwa dada yangu, Tudor, dirisha linatazama maji. Usiku inafunikwa kwa kanga iliyokunjwa mara mbili, na kila mwisho wa mwezi mpwa wangu anatoa tufe, anapangusa rola kwa spiriti, anaangalia kama pete nyeusi imeanza. Mwezi uliopita aliikuta, nyembamba kama uzi, kwenye rola ya kushoto.