Kuchagua kambi na njia za farasi kwa safari ya wikendi

Ukipiga simu kuulizia kambi ya farasi, iwe Laikipia, Naivasha, Chyulu au chini ya Kilimanjaro, usianze na bei wala mandhari. Uliza kwanza farasi wanalala wapi na maji yao yanatoka wapi. Mwenyeji anayeijua kazi yake atakujibu papo hapo, tena kwa undani. Akibabaika, mshukuru utafute kambi nyingine, maana farasi aliyekesha kwa hofu au aliyelala na kiu ndiye utakayempanda Jumapili asubuhi kwenye mteremko wa mawe.

Usiku

Huku kwetu farasi ana maadui wawili wa usiku: simba na usubi. Simba huzuiwa kwa zizi lenye kuta, boma la miiba au waya wa umeme, pamoja na walinzi wanaopokezana hadi kuche. Kambi za kuhamahama hufunga farasi kwenye kamba ndefu iliyovutwa baina ya miti miwili. Kamba hiyo ikazwe barabara, ipite juu kidogo ya kichwa cha farasi, na kila farasi apewe nafasi ya mita 3 hivi ili wasipigane mateke. Ile fupi ya kumfungia imwezeshe kufikisha pua kwenye majani, basi. Ikiburuta chini ataivusha mguu, atapagawa, na ataumia vibaya kabla mtu hajamfikia. Ukifika Ijumaa jioni, nenda ukaitazame kamba hiyo kabla hujaoneshwa hema lako.

Usubi ni mdogo kuliko mbu, lakini ndiye anayeeneza ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao virusi vyake hukaa ndani ya punda milia bila kuwadhuru. Ukishika mapafu ya farasi, mara nyingi hufa katika siku chache. Usubi huruka tangu magharibi hadi alfajiri, huzaliana penye tope na unyevu, na hufurika baada ya mvua. Ndiyo maana tunapendelea kambi iliyo juu penye upepo kuliko ile ya kando ya mto, hata kama mto unapendeza macho. Uliza farasi walichanjwa lini, wanaingizwa zizini saa ngapi, na wanapakwa dawa gani ya kufukuza wadudu. Maeneo ya chini yenye vichaka, kama kandokando ya Shimba Hills, yana mbung'o pia, waletao nagana, ugonjwa wa vimelea vya damu. Na kama unaleta farasi wako kutoka Karen au Limuru, huenda mwili wake haujazoea magonjwa ya kupe wa nyanda za chini. Zungumza na daktari wa mifugo wiki kadhaa kabla, si Ijumaa mchana mkiwa mnapakia lori.

Maji na malisho

Farasi mmoja hunywa lita 25 hadi 40 kwa siku, na akifanya kazi juani hupita 50. Farasi watano basi wanahitaji kama lita 250, na pipa moja la kawaida la lita 200 halitoshi hata siku moja. Hesabu hii ina uzito zaidi Chyulu, kwa sababu mvua inayonyesha kwenye vilima vile hupenya miamba ya volkano na kuja kutokea mbali, kwenye chemchemi za Mzima. Huko juu hakuna kijito cha kutegemea. Waulize maji yanaletwa na nini, mara ngapi, na gari likiharibika wanafanyaje.

Chakula kikavu ni kilo 8 hadi 10 kwa siku kwa farasi wa kilo 450. Kiangazi, nyasi za mbugani hazifikishi kiasi hicho, kwa hiyo lazima kuwe na hei, yaani nyasi zilizokaushwa, ghalani. Wenye farasi wao wabebe hei ile ile aliyoizoea, ya siku zote za safari na akiba ya siku moja. Farasi hatapiki. Ukimbadilishia chakula ghafla halafu ukampa kazi nzito, unamkaribishia msokoto wa tumbo, na msokoto wa tumbo porini, mwendo wa saa tano kutoka kwa daktari, unaweza kumuua.

Ardhi chini ya kwato

Ramani haitakuambia jambo hili, na hapa ndipo wengi hukosea. Udongo mweusi wa mfinyanzi, uliotapakaa Laikipia na tambarare za Athi, ukiwa mkavu hupasuka nyufa. Ukinyeshewa unateleza na kunasa kwato kiasi cha kung'oa kiatu cha chuma. Penye miti mifupi ya miiba yenye vinundu vyeusi vinavyopiga mluzi upepo ukivuma, tarajia udongo huo. Mvua ikinyesha usiku, badilisheni njia mpite kwenye miinuko yenye changarawe. Naivasha udongo ni mwepesi, wa majivu ya volkano, na hukauka upesi. Shida yake ni vumbi, pamoja na viboko wanaotoka ziwani usiku kwenda kulisha. Asubuhi na mapema usipite kati ya kiboko na maji.

Kwenye mbuga za nyasi ndefu, hatari kubwa ni mashimo ya muhanga na ngiri. Farasi akitumbukiza mguu humo akiwa kwenye shoti, yaani mbio, anaweza kuuvunja, na wewe utatupwa mbele yake. Njia nzuri ni ile ambayo kiongozi ameipita wiki hiyo hiyo, na ambayo anaweza kukuambia ni vipande gani vya kupiga shoti na vipi vya kutembea tu. Chyulu jiulize kuhusu mawe makali ya volkano: farasi asiye na viatu atachechemea kabla ya adhuhuri. Kwa majira, Juni hadi Septemba na Januari hadi Februari ndiyo miezi yenye ardhi ya kuaminika zaidi.

Urefu wa njia

Farasi akitembea huenda kilomita 6 au 7 kwa saa, akienda telki, mwendo wa kati ya kutembea na shoti, hufika 12 hadi 15. Ukichanganya mwendo na mapumziko, saa nne za asubuhi ni kilomita 20 hadi 25. Hiyo inatosha kabisa kwa Jumamosi. Ondokeni saa 12 na nusu, mrudi kabla ya saa tano, mpumzike, kisha jioni mtembee kwa muda wa saa moja na nusu. Ukiona ratiba ya kilomita 40 kila siku kwa watu wanaopanda mara mbili kwa mwezi, ujue aliyeipanga hakuwafikiria wapandaji, wala farasi.

Hesabu na barabara pia. Nairobi hadi Naivasha ni kilomita 90 hivi. Hadi Nanyuki ni karibu 200, na kutoka hapo bado kuna vumbi la kufika kwenye hifadhi. Kwa siku mbili tu, mtu wa Nairobi asiyeweza kuondoka Ijumaa mchana achague Naivasha. Mtu wa Arusha au Moshi ana mashamba na mbuga za chini ya Kilimanjaro karibu naye.

Wewe na farasi wako

Sema uzito wako wa kweli. Farasi hubeba salama asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake, tandiko likiwemo. Kwa farasi wa kilo 450 mwisho ni kilo 90. Toa kilo 10 za tandiko, zinabaki 80 zako na nguo zako. Kambi isiyokuuliza uzito haiwajali wanyama wake.

Sema pia uwezo wako wa kweli. Kwenye hifadhi za Borana na Lewa mnapanda katikati ya faru na tembo. Kama huwezi kumsimamisha farasi anayekwenda shoti, wala kukaa imara akiruka kando kwa kushtuka, anzia Naivasha kwenye twiga na punda milia. Penye wanyama wakubwa wanahitajika viongozi wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, wenye redio, na msafara ukae pamoja. Vichaka vizito vya kando ya mito muvizunguke kwa mbali, kwani nyati hupumzika humo.

Asubuhi kabla ya kupanda, mwombe saisi, mtunza farasi, amtembeze farasi mbele yako kwenye ardhi ngumu, na utazame kama kichwa kinaruka kila mguu mmoja ukikanyaga. Pitisha vidole kwa kukaza kidogo pande zote mbili za uti wa mgongo. Akibonyea ghafla au akigeuza masikio nyuma, tandiko linamuumiza. Omba farasi mwingine. Mabaka ya nywele nyeupe mabegani ni makovu ya tandiko la zamani, kwa hiyo chunguza kama hili la sasa limekaa vizuri. Mkanda wa tumbo ukazwe tena baada ya dakika 10 za mwendo, kwa sababu farasi hujaza pumzi anapofungwa.

Kofia ngumu ya wapanda farasi, suruali ndefu isiyo na mshono mnene kwa ndani, na viatu vyenye kisigino cha sentimita 2 ili mguu usipenye kwenye kikuku, kile chuma cha kukanyagia: bila hivyo usipande. Kabla ya kulipa, jua uwanja mdogo wa ndege ulio karibu, mahali simu inaposhika, na kama una bima ya kusafirishwa kwa ndege. AMREF Flying Doctors huuza ya mwaka mzima. Pata kwa maandishi masharti ya kurudishiwa pesa mvua ikifunga njia.

Jumapili ifanyeni fupi, mwendo wa saa mbili tu, bila shoti. Miguu ya wapandaji imechoka, na mtu aliyechoka huanguka kwa jambo dogo. Mkirudi, tembezeni farasi dakika 15 za mwisho, toeni matandiko, mpapase chini ya mkanda kutafuta michubuko na kupe, na wanywe kabla hamjapanda gari.