Unaenda intanshipu ya kuandika programu kwenye stataapu? Soma hii kwanza

Wiki ya kwanza usijifanye unajua. Kampuni changa hizi hazina mtu wa kukaa na wewe, kila mmoja ana kazi za watu watatu, kwa hiyo ukikwama jaribu mwenyewe kama nusu saa hivi, andika ulichojaribu, kopi ile meseji ya era (ya kosa) yote kama ilivyo, ndo umuulize mtu. Mi nilikaa siku mbili kimya naona aibu, kumbe nilisahau mkato mmoja tu kwenye programu, yaani nilijichukia!

Git (ile inayotunza kila badiliko la kodi, yaani maandishi ya programu) jifunze kabla hujaripoti, angalau kukomiti (kuhifadhi badiliko), kufungua tawi (njia ya pembeni ya kufanyia kazi yako) na kurudisha ulichoharibu. Kila kazi iwe na tawi lake, usiguse main (tawi kuu la wote) moja kwa moja, na usitume mzigo mkubwa wa kodi kwa mpigo, mistari 50 mtu anaisoma, 900 ataipitia juujuu tu. Wakikurudishia na maoni kibao usinune, ndo shule yenyewe hiyo.

Nenosiri usiliweke ndani ya kodi, hata ukilifuta baadaye linabaki kwenye historia ya Git.

Kila jioni andika mistari miwili ya ulichofanya, itakusaidia kwenye sivii. Na malipo ulizia kabla hujasaini.