Kayaki na Mgongo Unaouma: Ninavyofanya Mida

Kiuno changu kiliteguka nikiwa nchi kavu. Nilikuwa nimeinama peke yangu kwenye tope la Mida, hori la mikoko hapa Watamu, pwani ya Kenya, nimeshika kamba ya mbele, nikaivuta kayaki huku najipinda. Siku nne nilivaa ndala tu kwa sababu kufunga kamba za viatu kulinishinda. Tangu hapo nimewapeleka watu wengi wenye migongo mibovu kuzunguka mikoko, na karibu wote wanaolalamika huumia wakati wa kubeba, kuingia au kutoka. Kafi lenyewe halina makosa mengi.

Hatua ya 1: Pima maumivu yako

Mgongo uliokaza unaolegea ukitembea kidogo, twende. Maumivu yanayoshuka mguuni hadi chini ya goti, yaliyoanza baada ya kuanguka, au yenye homa, muone daktari kwanza. Ukihisi ganzi katikati ya mapaja, mguu umekosa nguvu, au mkojo unakushinda, kimbilia hospitali siku hiyo hiyo.

Hatua ya 2: Soma maji

Hatua hii wageni huiruka, nami ndiyo ninayoikazania. Mida hujaa na kupwa kila baada ya saa sita hivi, na bamvua, yaani kujaa na kupwa kukubwa kwa mwezi mwandamo au mwezi mpevu, huondoa maji mengi sana. Ukipwelewa ndani, utashuka uburute chombo kwenye tope la magotini, na hapo mgongo umekwisha. Mimi huingia maji yakiwa bado yanajaa, saa mbili kabla ya kujaa kabisa, nikageuza kurudi yanapoanza tu kupwa. Mkondo hunisukuma kwenda na kurudi. Mwenye kiuno kibovu namchagulia maji mafu, siku ambazo maji hayajai wala kupwa sana, asubuhi na mapema, kabla upepo haujaamka. Wakati wa kusi, upepo wa kutoka kusini, usiseme utarudi mchana. Utapigana na mawimbi njia nzima.

Hatua ya 3: Chagua chombo

Chukua kayaki pana ya kukalia juu. Ile ya kuingiza miguu ndani inakubana, na kutoka kwake kunataka kiuno kizima. Ubaya wa hii pana ni uzito: nyingi zina kilo 20 hadi 30. Kwa hiyo ibebwe na watu wawili, mmoja mbele mmoja nyuma, magoti yamekunjwa na mgongo umenyooka, au iwekwe kwenye kigari cha magurudumu. Usione haya kuomba mkono.

Hatua ya 4: Tengeneza kiti kabla ya kuondoka

Ukikaa na miguu imenyooka kabisa, misuli ya nyuma ya mapaja huvuta nyonga, nawe unajikunja kama kamba aliyechemshwa. Sogeza vikanyagio mpaka magoti yapinde kidogo. Kaa wima, makalio yakiwa nyuma kabisa kitini. Kunja leso iwe mviringo, iweke kwenye mbonyeo wa kiuno. Leso, naam, ile ile ya nyumbani. Nimejaribu mito ya dukani na bado narudi kwenye leso. Egemeo likukumbushe tu kukaa wima, usililalie.

Hatua ya 5: Ingia kwa makalio

Vaa laifjaketi, kisha peleka kayaki hadi maji yafike magotini. Simama kando ya kiti, ukipe mgongo, kaa kama unavyokaa kitandani, ndipo uzungushe miguu yote miwili kwa pamoja. Ukitanguliza mguu mmoja, chombo kitateleza nawe utapasuka msamba.

Hatua ya 6: Piga kafi kwa kifua

Chovya bapa karibu na vidole vya miguu, livute, litoe likifika usawa wa nyonga. Ukilipitisha nyuma zaidi, kiuno kinajipinda bure. Unapopiga kulia, kanyaga kwa mguu wa kulia na ugeuze mbavu taratibu, mikono ifuate. Shika kafi kwa ulegevu na mikono usiipandishe juu ya mabega. Mapigo mafupi ya polepole. Wanaotaka kushindana waende na vijana wa mashua.

Hatua ya 7: Shuka kabla hujaumwa

Kila dakika 20 tafuta kichanga, shuka, simama, tembea. Safari ya kwanza isizidi saa moja kwa jumla. Maumivu yakianza kuchoma au kuteremka mguuni, geuza chombo papo hapo, na kwa sababu hiyo usiende peke yako. Tena jaribu kwanza kwenye maji ya kiunoni kupanda kayaki ukiwa majini: lala kifudifudi juu yake, piga miguu, kisha jigeuze. Ikikushinda pale, usivuke mkondo wa katikati.

Hatua ya 8: Kutoka

Hapa ndipo mwili umekaza na akili imeshafika nyumbani. Zungusha miguu upande mmoja, ikanyage chini, sukuma kwa mapaja usimame. Usiiguse kayaki bado. Mimi huifunga kamba ikaelea, nikatembea ufukweni dakika kumi, kisha namwita kijana ashike upande wa pili. Hela ya soda yake huwa nimeshaifunga kwenye mfuko usioingia maji tangu asubuhi.