Jinsi ya Kuhifadhi Kiporo cha Wali Bakteria Wasizaliane

Usiache kiporo katika sufuria iliyofunikwa hadi asubuhi, kwa sababu spora (chembe ngumu za kujihifadhi) za bakteria aitwaye Bacillus cereus huhimili kuchemka, kisha huchipua humo wali ukiwa na uvuguvugu. Bakteria mmoja hujigawa kuwa wawili. Uzao wake ukiongezeka hivyo kila dakika 20, kuanzia saa 2 hadi saa 6 usiku utakuwa umefikia 4,096. Utandaze wali kwenye sinia upoe haraka, na ndani ya saa moja uutie kwenye jokofu, chini ya nyuzijoto 5. Kuupasha moto asubuhi, ambako wengi wetu tunakutegemea mno, hakuondoi sumu iliyokwisha kutolewa na bakteria hao. Virusi havizaliani katika wali, maana vinahitaji seli hai. Huletwa na mikono ya mpakuaji, naye anawe kwa sabuni.