Bekapu ya laptop kwa bando dogo, na jinsi ya kurudisha mafaili yako

Wadau wa Kigoma, kila mara naona mtu anashuka pale Mwanga na laptop kwapani imegoma kuwaka, anamuuliza fundi kama mafaili yatapatikana, na ukimuuliza bekapu iko wapi anatoa flash, flash hiyo hiyo inayozunguka kila steshenari kuprinti na kuokota virusi. Flash ni ya kubebea mzigo, siyo ya kutunzia. Kama una mitihani ya wanafunzi, daftari la VICOBA kwenye Excel au hesabu za dagaa wa Kibirizi, weka nakala mtandaoni na ujue kuirudisha kabla hayajakukuta.

Google Drive wanatoa GB 15 bure, OneDrive 5, Dropbox 2. Mi nashauri Google kwa sababu wengi Gmail mnayo tayari kwenye simu, ila jueni hizo 15 zinagawana na email na picha za Google Photos, na kwa Android hata bekapu ya WhatsApp inahesabiwa humo humo, zikijaa hata email haziingii. Kwa hiyo muvi na nyimbo acha nje kabisa.

Kabla hujagusa chochote hakikisha akaunti ni yako kweli. Hapa watu wengi wanaumia aisee, email ilifunguliwa steshenari wakati wa kuomba chuo au ajira, namba iliyowekwa ni ya dogo aliyekuwa anahudumia siku hiyo, nywila hata hukuichagua wewe. Siku laptop imeibiwa Google wanatuma kodi (code, namba ya siri ya kuthibitisha ni wewe) kwenye namba ya mtu aliyeshahamia Kasulu. Ingia kwenye mipangilio ya akaunti, weka namba yako, badilisha nywila, washa uthibitishaji wa hatua mbili (nywila pamoja na kodi) halafu chukua zile kodi 10 za akiba, kila moja inatumika mara moja tu, ziandike kwenye karatasi na uziweke na vyeti vyako.

Sasa kwenye laptop tengeneza folda moja, iite KAZI, na kila kitu cha maana kiishi humo. Sakinisha Google Drive ya kompyuta, ingia na akaunti yako, bonyeza Add folder, chagua KAZI, ikikuuliza iende wapi chagua Google Drive. Usichague diski nzima, bando litaisha na hujapata unachotaka.

Mara ya kwanza ndo nzito. Laini ikiwa inapandisha megabiti 1 kwa sekunde, GB 1 inakula saa mbili na ushee, kwa hiyo iache usiku kwa bando la usiku na chaji imejaa, umeme ukikatika katikati usihofu, ukiwasha tena inaendelea. Baada ya hapo inapandisha mapya na yaliyobadilika tu. Mchana ukiwa kwenye hotspot ya simu bonyeza Pause syncing. Ikimaliza usiiamini kwa macho tu, fungua Drive kwenye simu, tafuta faili moja la Excel ulilolibadilisha jana, lifungue, angalia kama namba za jana zimo.

Hapa sasa nisikilizeni vizuri, kusinki, yaani laptop na Drive kufanana muda wote, siyo bekapu kamili. Ukifuta faili kwenye laptop na kule linafutika, ukiharibu hapa na kule linaharibika. Kinachokuokoa ni muda. Lililofutwa linakaa kwenye Tupio siku 30, lirudishe kabla hazijaisha maana zikiisha limeenda. Lililoharibika, mfano mtu kasevu juu ya daftari la kikundi na michango ya miezi yote imepotea, ingia drive.google.com kwa kompyuta, bonyeza faili kitufe cha kulia, tafuta Manage versions, utaona matoleo ya nyuma na tarehe zake, shusha la kabla ya ajali. Kwa kawaida yanatunzwa siku 30 au matoleo 100, kwa hiyo usikae na tatizo ukingoja wiki ijayo.

Na ukiwasha laptop ukakuta mafaili yote yana mkia wa ajabu mwishoni na kuna faili linaitwa _readme.txt linadai dola, hicho ni kirusi cha kufunga mafaili, mara nyingi kinaingia na programu za kreki, zile za kulipia zilizochakachuliwa zitumike bure. Zima data haraka kabla hayajapanda yale yaliyofungwa, futa Windows usakinishe upya, ndipo ushushe matoleo safi kwa njia hiyo ya juu. Hela usitume.

Ukipata laptop mpya, ingia Drive kwa brauza, upande wa kushoto kuna sehemu ya Computers, laptop yako ya zamani iko pale kwa jina lake na folda ya KAZI ndani. Ishushe, itakuja kama zip, yaani mafaili yote yamefungwa kwenye faili moja, ifungue, ikague, ndipo uisakinishe Drive upya. Lifanyie mazoezi leo na kafolda kadogo tu.

Ukiwa na uwezo nunua na diski ya nje, kila mwisho wa mwezi kopi KAZI yote humo halafu ichomoe na uiweke nyumba nyingine, kwa dada au kwa mzee Ujiji, maana mwizi akiingia hachagui, anabeba laptop na diski iliyo pembeni yake.