Namna ya Kumwadhimisha Mwandishi wa Vitabu vya Watoto: Hatua Tunazozifuata Mikindani

Walimu wenzangu wa Mtwara na Lindi huniuliza waanzie wapi wanapotaka kuwaadhimisha waandishi weusi wanaowaandikia watoto na vijana. Huwajibu kwamba waanze na mwandishi mmoja na kitabu kimoja. Mwaka wa kwanza wa klabu yetu ya wasomaji nilibandika ukutani majina mengi pamoja na tarehe za kuzaliwa. Watoto wakayakariri, wala hakuna aliyeomba kitabu.

Hatua ya kwanza: chagua kitabu. Kwa darasa la saba mimi huchukua *Adili na Nduguze* ya Shaaban Robert, mzaliwa wa Tanga wa mwaka 1909, aliyekuwa karani wa serikali huku akiandika. Kwa vijana wa sekondari ninapendekeza *Siku Njema* ya Ken Walibora wa Kenya, iliyotoka mwaka 1996, ambamo kijana anafunga safari kutoka Tanga hadi Kitale kumtafuta baba yake. Wanafunzi wetu wanaolelewa na bibi huielewa safari hiyo kabla hujaieleza. Anayefundisha Kiingereza anaweza kumchukua Virginia Hamilton wa Marekani, mwandishi mweusi wa kwanza kupata Medali ya Newbery, mwaka 1975, ilhali tuzo hiyo ya vitabu vya watoto ilianza kutolewa mwaka 1922. Andika miaka hiyo miwili ubaoni, kisha waache watoto wahesabu wenyewe ni miaka mingapi iliyopita katikati.

Hatua ya pili: panga siku. Siku ya Mtoto wa Afrika, tarehe 16 Juni, inafaa sana, kwa kuwa inawakumbuka wanafunzi wa Soweto walioandamana mwaka 1976 kukataa kulazimishwa kusoma kwa Kiafrikaansi. Hata hivyo, huku kwetu likizo ya Juni ndiyo ya jando na unyago, kwa hiyo fanya sherehe kabla shule haijafungwa. Usiisogeze hadi msimu wa korosho.

Hatua ya tatu: pata nakala. Nakala moja inatosha. Inunuliwe au iazimwe katika maktaba ya mkoa. Kutoa fotokopi ya kitabu kizima ni kumnyima haki yake mtu yule yule tunayemheshimu.

Hatua ya nne: soma kwa sauti. Hapa ndipo kazi yote ilipo. Soma dakika 20 kila siku kwa majuma mawili, baada ya kuisoma sehemu hiyo nyumbani na kuweka alama mahali utakaposimama. Katika *Adili na Nduguze* mimi husimama pale mgeni anapomwona Adili, mtawala anayesifiwa kwa haki, akiwachapa nyani wawili usiku. Ninafunga kitabu. Watoto wa huku, ambao nyani wamewaharibia mahindi shambani, husema wamestahili. Wengine huuliza kwa nini mtu mwema afanye hivyo gizani. Waache wabishane, na usiwadokeze hata kidogo kwamba nyani hao ni ndugu zake waliogeuzwa. Maneno mazito yasiyotumika sana leo yachague matano tu kwa siku, uyaeleze kwa Kiswahili cha mtaani kwenu, kwani ukisimama kila mstari hadithi itakufa mikononi mwako.

Siri ikishafichuka, andika ubaoni Adili, Hasidi na Mwivu, kisha uliza: ni nani aliyewapa majina haya, na kwa nini? Nimeona darasa zima likinyamaza kwa swali hilo, maana ni hapo watoto wanapotambua kwamba kuna mtu aliyeketi akachagua kila neno. Sasa ndipo uwaeleze maisha ya Shaaban Robert, nao watasikiliza.

Hatua ya tano: siku yenyewe. Isiwe na hotuba nyingi. Tandika mikeka, watoto waigize sehemu moja waliyoichagua wao, kisha bibi mmoja wa mtaani asimulie ngano aliyorithi, kwa Kimakonde au Kimwera akipenda, huku watoto wawili wakiiandika kwa Kiswahili.

Hatua ya sita: watoto waandike. Katika juma linalofuata kila mtoto aandike hadithi ya kurasa nne, aishone kwa uzi, na juu ya jalada aandike jina lake kamili mahali ambapo jina la mwandishi hukaa. Vitabu hivyo viwekwe katika kabati lile lile la Shaaban Robert, viandikwe kwenye daftari la maktaba, na viazimwe kwa utaratibu ule ule.